Hakuna Aliyempima Fundi

Usiku ule niliweka simu juu ya meza ya jikoni, nikakaa mbele yake kama mtu anayechunga maziwa motoni yasimwagike. Ujumbe wangu ulikuwa umefika. Ulikuwa umesomwa pia, maana zile alama mbili ziligeuka buluu hata jua halijazama. Niliandika maneno machache tu: "Kesho asubuhi daktari yupo. Chura amekuwekea nafasi. Utakwenda?" Jibu halikuja.

"Huenda amelala," mume wangu alisema kutoka chumbani.

"Halali mapema yule."

"Basi amekununia."

"Kununa amenuna. Hilo nalijua."

"Sasa unangoja nini, mama?"

Nilikuwa nangoja neno moja kutoka kwake, hata liwe tusi. Daktari wa uvimbe hufika katika hospitali yetu, anakofanya kazi Chura, mwenzetu wa shule, mara moja kwa mwezi, anaona watu mpaka mchana, kisha anapanda gari anarudi alikotoka. Rafiki yangu akimkosa kesho, ni mwezi mwingine mzima. Na mimi nilikuwa nimeuona mwezi mmoja umemfanya nini.

Rafiki mwenyewe tulimwita Cherehani tangu sekondari, kabla hajawahi kushika sindano. Tulimwita hivyo kwa ajili ya mdomo wake. Ulikuwa hausimami. Taa za bweni zikizimwa, yeye ndiyo kwanza anaanza, na sisi wengine tulichukuliwa na usingizi huku sauti yake ikienda, inaenda, mpaka matroni agonge ukuta. Aliposhindwa kuendelea na masomo baada ya kidato cha nne, shangazi yake akamfundisha kushona, na kila mwenzetu aliyesikia alicheka mpaka machozi. Yeye mwenyewe alisema, "Ninyi ndio mlionichagulia kazi. Mngeniita Rubani leo ningekuwa angani."

Mimi waliniita Mwavuli, kwa sababu nilibeba mwavuli hata kiangazi. Nilikomea kidato cha pili, baba alipougua na nyumbani kukakosa mikono. Wenzangu walimaliza bila mimi. Lakini kila walipokutana, Cherehani aliwaambia, "Bila Mwavuli hatujatimia," nami nikaitwa. Wanangu walipokuwa wakubwa akanichukua nikae naye kazini. Yeye hukata na kushona. Mimi ni vifungo, pindo na pasi.

Chumba chake cha kazi ni chumba cha mbele cha nyumba yake, dirisha linatazama barabarani. Kuna meza ya kukatia iliyojaa mikwaruzo ya mkasi, kuna mashine anayoshonea, na nyingine iliyokufa zamani ambayo tunawekea pasi. Kioo kimevunjika pembe ya chini, kwa hiyo mteja hujiona mwili wote ila miguu. Kuna pazia la kubadilishia, na kiti kimoja cha plastiki ambacho Cherehani anakiita kiti cha maungamo. Mtu akikaa pale akingoja nguo, atasema kila kitu.

Wazo la kukutana lilikuwa lake. Mwaka jana tulimzika mwenzetu mmoja, na tulipokuwa tunatoka makaburini, viatu vyekundu kwa udongo, Cherehani alisimama njiani akasema, "Hivi mmeona? Siku hizi tunaonana kwenye mazishi tu. Mimi nataka tukutane siku moja tukiwa wazima wote, tule, tucheke, turudi nyumbani." Kiranja wetu wa zamani, ambaye mpaka leo akikuita unasimama wima, akaunda kundi la simu jioni ileile. Wakapanga siku, ukumbi ukawa bwalo la shule yetu. Wakakubaliana wote wavae kitambaa kimoja, rangi ya sare yetu ya zamani. Nani atashona? Hata hawakuuliza.

Ndivyo darasa zima lilivyopita katika chumba kile, mmoja mmoja, wakinyoosha mikono juu. Sijui kwa nini mtu akipimwa husema ukweli. Pengine ni ile kusimama kama mtu aliyesalimu amri. Mmoja, ambaye sasa ni mwalimu mkuu, alipopimwa kifua akaanza kulia, akasema mume wake amehama nyumbani tangu mwaka jana na hajamwambia mtu. Cherehani hakuitoa ile futi ya kupimia. Aliendelea kumshika nayo tu, amemzungushia, mpaka kilio kikaisha.

Mwingine, aliyekuwa mchezaji wetu wa mpira wa pete, alimkataza kusoma namba.

"Andika kiuno cha shule," alisema. "Nitakipata kabla ya siku yenyewe."

"Dada, kiuno cha shule kiko shule. Tutakikuta hukohuko bwaloni kimekaa kinakungoja."

Tulicheka, na mimi nikiwa nimeuma pini midomoni nusura nizimeze.

Nguo zote zikaenda vizuri. Iliyokataa ni moja tu, ya fundi mwenyewe.

Cherehani hajipimi. Anasema fundi hapimwi, anajijua, amejivaa miaka yote. Akitaka kujishonea, anachukua gauni lake alilovaa alipomwoza binti yake, analipindua ndani nje, analilaza juu ya kitambaa, anazungusha chaki, basi. Halijawahi kumdanganya. Safari hii akakata, akashona, akavaa, akasimama mbele ya kioo, na gauni likamning'inia kama limetundikwa kwenye msumari.

"Mkasi umekwenda kombo," alisema.

Akafumua, akabana mbavuni, akashona upya. Siku chache baadaye akavaa tena tuone urefu wa pindo, nikaona mabega yameshuka.

"Kitambaa hiki kinavutika," akasema. "Wametuuzia mpira."

Nguo za wenzetu zilikuwa zimetundikwa ukutani nyuma yake, kitambaa kilekile, jora lilelile, na hakuna hata moja iliyovutika. Mwalimu mkuu alikuwa amejaribu ya kwake siku hiyohiyo, imemkaa kama ngozi.

Akachukua kipande kilichobaki, akakata gauni jingine kabisa. Nilimwangalia akikata. Mstari wake ulinyooka kama uliopigwa kwa rula. Alipolivaa na kuona linampwaya, alikaa kwenye kiti cha maungamo akatazama mikono yake.

"Mwavuli, nadhani nimezeeka. Siku hizi siwezi kukata."

Hapo ndipo woga uliponishika sawasawa. Mtu yule alikuwa tayari kuamini kwamba amesahau kazi ya maisha yake yote, kuliko kuamini kwamba amepungua.

"Simama nikushikize pini," nikamwambia.

Nilianza na ubavu wa kulia. Nilipofika chini ya kwapa, kidole changu kikagusa kitu kigumu, kama kifungo cha koti kilichoshonewa ndani ya ngozi. Aliruka. Pini zikamwagika sakafuni.

"Nini hiki?"

"Jipu."

"Jipu linauma."

"Hili jipu lina adabu zake. Okota pini, mtu atakanyaga."

Nilipiga magoti nikaziokota, na huko chini nikauliza, maana usoni nilishindwa kumtazama. "Tangu lini?"

"Tangu mvua zilipoanza. Lilikuwa dogo."

Mvua zilikuwa zimeshaisha, na barabara imeshaanza kutoa vumbi.

"Twende hospitali."

"Tutakwenda. Baada ya siku yetu. Jumatatu yake asubuhi, mimi mwenyewe nitakuja kukugongea."

"Kwa nini si leo?"

Alivua lile gauni taratibu, akalikunja. Halafu akazungumza kwa sauti ambayo sikuizoea, sauti isiyokuwa na haraka.

"Mama yangu aliingia kule akitembea. Mfuko wake kaushika mwenyewe, tena ananikaripia nimesahau sabuni. Tulirudishiwa mfuko, Mwavuli. Mimi nataka nikae na wenzangu siku moja, nile, nicheke, wasinitazame kama maiti aliyechelewa. Baada ya hapo wanipeleke watakako. Na wewe usinimwagie mtama."

Nikamwahidi. Nilimwahidi kwa sababu alikuwa amenishika mkono, na mkono wake ulikuwa wa moto.

Kuanzia siku hiyo sikuwa na kazi nyingine ila kumwangalia. Watoto wangu walipokuwa wadogo nilikuwa naamka kusikiliza kama wanapumua, na sasa nikawa nafanya vilevile kwa mtu mzima. Niliona ameacha kufikia kabati la juu kwa mkono wa kulia. Nyuzi zote akazishusha mezani, akasema ni kurahisisha kazi. Niliona sketi yake imebanwa kwa pini kiunoni, na siku iliyofuata pini imekuwa mbili. Niliona chai yake inapoa kikombeni. Lakini kilichonitisha kuliko vyote ni kwamba alasiri alinyamaza. Mashine ilikuwa inalia peke yake. Mteja akitoka nje alikuwa ananiuliza kwa kunong'ona, "Leo kagombana na nani?" nami nasema amechoka, kazi zimembana.

Nyumbani sikuwa nalala. Mume wangu aliniuliza nina nini, nikasema mgongo. Nikifumba macho nauona ule mfuko wa mama yake.

Chura alikuja kujaribu nguo yake kama wengine. Yeye ni muuguzi mkuu sasa, katika hospitali yetu hii. Jina lake lilitokana na siku mwalimu wa biolojia alipopasua chura mezani, naye akaanguka chini kama gunia, tukambeba mpaka bwenini. Cherehani hajawahi kumsamehe kwa kuwa muuguzi.

"Wagonjwa wako wanajua habari zako?" alimuuliza akimfunga zipu.

"Wanajua mimi ni chuma."

"Chuma kilichozimia kwa mdudu mwenye miguu minne."

Chura alicheka, lakini nilimwona akimtazama. Jicho la muuguzi halina likizo. Alipotoka nilijifanya namsindikiza hadi kona, na tulipofika kwenye duka la vifaa vya ujenzi, katikati ya mabati na mabomba, nikamwambia yote.

"Kigumu au laini?" aliuliza.

"Kigumu."

"Ukikisukuma kinasogea?"

"Sikukisukuma. Nilikigusa tu akaruka. Hakikusogea."

Chura alikuwa ameshika ufunguo wa gari, akaugeuzageuza mkononi.

"Inaweza kuwa kitu kidogo," alisema mwishoni. "Inaweza kuwa si kitu kidogo. Hakuna atakayejua kwa kukiangalia juu ya nguo. Wiki hii daktari anakuja. Nitamwekea nafasi."

"Hatakubali. Na akijua nimesema, mimi na yeye basi tena."

"Unaogopa akukasirikie?"

"Naogopa yote."

"Kesho nakuja," akasema. "Usimwambie."

Na kweli alikuja, gauni lake mkononi, akasingizia kiuno kinambana. Cherehani alikuwa kwenye mashine. Chura hakukaa. Alikwenda moja kwa moja, akamvua futi shingoni kama mtu anayemvua mwenzake shanga.

"Simama nikupime."

"Nani? Mimi? Fundi hapimwi."

"Leo anapimwa."

"Umeacha sindano umechukua futi? Haya, utaniharibia wateja." Alisimama akicheka, akafikiri ni mzaha. Chura akamzungushia futi kifuani, akafinya kwa vidole pale namba ilipokutana, wala hakuisoma kwa sauti. Halafu, futi ikiwa bado imefinywa, akainama juu ya meza lilipolala lile gauni la siku ya harusi ya binti yake, akalipima nalo kifua, mbele na nyuma, akafinya kwa mkono wa pili. Kisha akainyoosha futi mbele ya macho ya Cherehani, vidole huku na vidole kule, akamwonyesha nafasi iliyokuwapo katikati.

"Hii hapa imekwenda wapi?" aliuliza kwa upole.

Cherehani aliitazama ile nafasi. Ni mtu aliyeshughulika na futi maisha yake yote, hakuhitaji kuelezwa. Barabarani pikipiki ilipita, ikaja nyingine, na yeye bado anatazama.

Halafu akanigeukia mimi.

"Umesema."

"Nimesema."

"Nilikushika mkono nikakuomba."

"Ulinishika mkono, ukaniunguza. Ungekuwa wewe unaniona mimi hivyo ungenyamaza?"

"Ningenyamaza kama ungeniomba." Hakupandisha sauti, na hilo liliniumiza zaidi. "Acha hiyo sindano mezani. Nenda kwako."

"Cherehani…" Chura alianza.

"Na wewe hiyo nafasi yako mpe mgonjwa."

Niliiacha sindano, uzi ukiwa bado tunduni, na kifungo kikining'inia kwenye nguo ya mtu. Nilipofika nje nilisikia komeo likirudishwa nyuma yetu sote wawili. Chura alibaki pale barazani akazungumza na mlango kidogo, kwa sauti ya chini, akamtajia siku na saa. Mlango haukusema kitu.

Kesho yake sikwenda kazini. Na kesho kutwa yake sikwenda. Kiranja alinipigia simu.

"Mwavuli, fundi wako hapokei simu. Nguo zipo hazipo?"

"Zipo. Zimebaki pindo."

"Zimebaki pindo, na wewe mtu wa pindo uko nyumbani?"

"Najisikia vibaya kidogo."

"Mmegombana. Msinifiche. Watu wazima na wajukuu, mnanuniana kama mabinti wa bweni. Nisiwalete hapa nikawapa adhabu ya kufyeka nyasi."

Nilicheka ili nisilie. Katika kundi la simu watu walikuwa wanatumiana picha za zamani, wanataniana nani amenenepa, nani ameota mvi, na kila baada ya muda mtu anauliza: Cherehani wetu yuko wapi leo, mbona kimya, betri imekufa? Nilisoma nikaifunika simu.

Basi ndiyo ule usiku wa simu mezani. Ilipofika saa ambayo hata mbwa wa jirani walikuwa wamenyamaza, nilisinzia mezani kichwa kikiwa juu ya mkono. Niliamshwa na binti yangu akiwa amevaa sare yake ya kazi, kashika kikombe cha chai.

"Mama, hukulala?"

"Nisogezee hiyo simu."

Hakukuwa na neno.

Nilioga haraka, nikajitanda mtandio, nikatoka. Kulikuwa kumepambazuka, mwenye kibanda cha mikate anainua mbao za dirisha lake. Njia niliyoipita kila siku iliniwia ndefu. Nilikuwa nikijiambia, nikimkuta kwenye mashine, sitasema neno, nitakaa nishone pindo, angalau niwe karibu. Na nikimkuta hayupo? Na nikimkuta yupo, lakini…? Hapo akili yangu ilikuwa inafunga breki yenyewe.

Jirani yake, mama mmoja anayeuza mkaa, alikuwa anafagia mbele ya mlango wake.

"Salama, mama?"

"Salama. Mwenzako anaumwa?"

"Kwa nini?"

"Taa yake haikuzimwa. Tangu alfajiri nasikia anatembea tu chumbani. Nimemwita, ananiambia nifagie kwangu."

Mlango ulikuwa umefungwa. Nikagonga.

"Cherehani."

Nikagonga tena.

"Ni mimi."

"Najua ni wewe. Nani mwingine anagonga kama anaomba msamaha?" Sauti ilitoka ndani zaidi, si chumba cha mbele. Ilikuwa inahema. "Nenda kazini, Mwavuli."

"Kazi yangu iko humo ndani."

"Leo nimefunga."

"Basi nitakaa hapa barazani mpaka ufungue."

"Utachomwa na jua."

"Mimi? Na jina langu hili?"

Nilidhani atacheka. Hakucheka. Nilisikia kitu kikianguka, chepesi, kama hanga la nguo, halafu sauti ya mtu anayevuta pumzi kwa meno. Nikashika kitasa nikakitikisa, komeo likakataa.

"Umeanguka?"

"Sijaanguka. Usinivunjie mlango."

"Nieleze unafanya nini."

"Nitakueleza nini? Niache kidogo, bwana."

Nilikaa kwenye ngazi. Yule mama wa mkaa alikuwa amesimama na fagio lake ananitazama, nikamfanyia ishara aingie kwake, akaingia. Simu yangu ikalia. Alikuwa Chura, na nyuma yake nilisikia kelele za ukumbi wa hospitali, watoto, viti vinavyoburutwa, jina la mtu linaitwa.

"Daktari ameshafika. Ameanza kuita. Mko wapi?"

"Mlangoni."

"Mlangoni kwetu?"

"Mlangoni kwake. Kajifungia."

"Nitamrudisha nyuma kwenye foleni kadiri nitakavyoweza," alisema. "Lakini Mwavuli, ikifika mchana mimi sina uwezo."

Nikairudisha simu kwenye pochi. Nikasogea mpaka bega langu likagusa mbao za mlango, nikasema kwa sauti ya kawaida, kama tunavyozungumza tukiwa kazini, yeye kwenye mashine na mimi na vifungo vyangu.

"Najua unamfikiria mama yako. Na mimi usiku kucha nimemfikiria. Sina cha kukwambia kuhusu hilo. Siwezi kukwambia hakuna kitu, maana sijui, hata Chura hajui. Mimi naogopa. Ukienda nitaogopa, usipokwenda nitaogopa. Lakini ukienda nitakuwa naogopa nimekaa na wewe. Nitakaa nje ya mlango wa daktari. Mfuko wako nitaushika mimi. Wakikwambia ulale huko, nitalala sakafuni. Na nguo zilizobaki nitazimaliza."

Sauti yake ikatoka ndani:

"Wewe? Pindo zako zinakwenda kama njia ya ng'ombe."

"Watu watakuwa wamekaa kwenye viti. Nani ataangalia pindo?"

"Kiranja ataangalia."

"Kiranja tutampa kisogo."

Nikangoja. Jua lilipanda ukutani likafika kwenye miguu yangu. Mtu mmoja alikuja na suruali ya kupunguza, nikamwambia fundi hayupo leo, akaondoka anageukageuka. Nilianza kukata tamaa. Nilijiambia, amekataa, hiyo ndiyo haki yake, na mimi nimempoteza rafiki na sikumwokoa. Nilimtumia Chura ujumbe, vidole vikinikosea herufi: "Nadhani hatakuja."

Ndipo niliposikia kandambili zake zikija. Zilikuja polepole, zikasimama. Komeo likavutwa nusu, likakwama, likavutwa tena, na mlango ukafunguka.

Alikuwa amesimama mbele yangu, uso umelowa jasho, nywele zimechanwa upande mmoja tu. Kiunoni sketi yake nzuri ya kutokea. Blauzi alikuwa ameivaa mkono wa kushoto, na upande wa kulia ulikuwa unamning'inia mgongoni, mtupu. Nyuma yake, kupitia mlango wa chumba cha ndani, kitandani na sakafuni, niliona blauzi nyingine, na gauni la vifungo, na sweta, kila moja imevuliwa nusu imetupwa.

Kumbe asubuhi yote hiyo alikuwa anavaa.

"Tangu alfajiri najaribu," alisema. "Huu mkono haupandi tena. Sikutaka unione hivi. Nilitaka nikufungulie nikiwa nimeshavaa."

Niliingia, nikapita nyuma yake, nikaushika ule mkono wa blauzi nikaukunja mpaka begani kama unavyomvalisha mtoto mchanga, nikaupitisha kwenye vidole vyake, kiwiko, taratibu, bila kuunyanyua mkono wake. Ulikuwa umevimba mpaka kiganjani. Aliuma mdomo hakulia. Nilipofunga kifungo cha mwisho nilimsikia akinong'ona, macho yake yakiwa barabarani, kupitia mlango tuliouacha wazi:

"Shika mfuko wewe. Mimi nisiushike."